Kila Gurudumu Lina Deni kwa Njia

Mkazi wa jiji la Tanga hahitaji kufundishwa thamani ya baiskeli. Kuanzia Ngamiani hadi Raskazoni, ardhi ni tambarare na baiskeli hupeleka watu kazini, sokoni na msikitini. Lakini ukielekea bara, ukapita Muheza au Korogwe na kuanza kuipanda milima ya Usambara, barabara hupungua upana hadi ikawa njia ya mguu. Hapo hupita mama aendaye kliniki na mtoto mgongoni, mwanafunzi, mchuuzi wa mboga mwenye tenga kichwani, mbuzi, pikipiki, na siku hizi mpanda baiskeli za milimani, awe kijana wa huko huko au mgeni aliyekuja kuutazama msitu.

Njia hiyo hiyo ndiyo hupitisha machela.

Watumishi wa afya wanaifahamu hesabu ya ucheleweshaji wa aina tatu, iliyoelezwa na watafiti Thaddeus na Maine mwaka 1994 walipochunguza vifo vya uzazi: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa mama anayetokwa na damu katika kitongoji cha mlimani, ucheleweshaji wa pili una sura ya korongo lililochimbika katikati ya njia, ambamo wabebaji wanne hawawezi kupita sambamba. Mmoja akiteleza, wote husimama. Dakika zinazopotea hapo haziandikwi katika faili la mgonjwa, ingawa ni sehemu ya ugonjwa wake.

Adui mkubwa wa njia ni maji. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, maji hutafuta mfereji wowote ulio tayari. Gurudumu lililofungwa breki ghafla kwenye mteremko huchora mfereji huo. Hata hivyo, lawama haiwaangukii wapanda baiskeli peke yao. Utafiti wa Wilson na Seney uliofanyika katika njia za milima ya Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba kwato za farasi na nyayo za watu zilifumua udongo uliolowa kuliko magurudumu. Kila apitaye huacha alama; kwa hiyo kila apitaye ana deni.

Wapanda baiskeli za milimani wa California walijifunza jambo hili kwa shida. Mchezo wao ulianza kuchanua miaka ya 1970 katika miteremko ya mlima Tamalpais. Miaka ya 1980 walianza kuzuiwa katika baadhi ya njia, kwa kuwa waendao kwa miguu na wenye farasi waliwaona kuwa hatari. Mwaka 1988 vilabu vyao vikaungana na kuanzisha chama cha International Mountain Bicycling Association. Walitetea haki yao ya kupita, lakini walifika katika utetezi huo wakiwa na sululu na koleo, wakijitolea kuzitengeneza njia zile zile walizokatazwa.

Ujuzi walioukusanya unatufaa. Wastani wa mwinuko wa njia usizidi asilimia 10, na mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima unaokatwa nayo. Uso wa njia uinamishwe kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata njia. Baada ya mvua kubwa, baiskeli ipumzike hadi udongo ukauke. Na anayeteremka humpisha anayepanda.

Sisi hatuanzi na mikono mitupu. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ni desturi ya siku nyingi katika milima ya mkoa huu. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, hushughulikia barabara za vijijini na mijini, lakini kijia cha kitongoji kwa kawaida hubaki mikononi mwa wanakijiji wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pa kupanga siku ya jembe kabla ya masika. Wapanda baiskeli na wenye kuongoza wageni wafike hapo. Anayeipita njia kwa furaha asikose siku ya kuifukia.

Adabu nayo ni matunzo. Ukimkuta mzee njiani, piga kengele mapema, punguza mwendo, shuka, toa shikamoo yako, kisha upite. Mwenye mzigo kichwani apishwe daima. Machela ipishwe kabla ya wote.

Kwa mgonjwa, njia iliyotunzwa ni dawa isiyo na foleni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na baiskeli huzitimiza vizuri kwa wengi wenye shinikizo la damu au kisukari. Lakini ongea kwanza na daktari wako. Atumiaye insulini abebe sukari au kitu kitamu. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama na kutafuta huduma. Vaa kofia ngumu, na jeraha lililoingia udongo lioshwe kwa maji safi na lipelekwe kituoni, kwa ajili ya pepopunda.

Kwa mtumishi wa afya, ombi ni dogo. Mgonjwa akifika amechelewa, muulize aliyembeba: ni wapi mlikwama? Jibu lipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji pamoja na jina la mahali. Wenye baiskeli, ambao huijua kila kona ya mlima, watajua pa kuanzia kuchimba.