Nina Mae McKinney: Sauti Iliyokosa Soko

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza. Lakini mkulima aliyepata kuvuna mahindi safi kisha akakosa mnunuzi anajua kwamba methali hiyo haisemi yote. Chema nacho huhitaji soko lililo wazi. Jambo hili linaonekana dhahiri katika maisha ya Bibi Nina Mae McKinney, mwimbaji na mcheza sinema wa Marekani, ambaye alianza kazi yake kwa sifa kubwa na kuimaliza katika picha za gharama ndogo na sehemu za mtumishi wa nyumbani. Nasi wa Kenya tunayo sababu ya pekee ya kumkumbuka, kama tutakavyoona.

Kijana katika safu ya wachezaji

Bibi McKinney alizaliwa mwaka wa 1912 katika mji wa Lancaster, jimbo la South Carolina, akalelewa huko na jamaa zake. Wazazi wake walikuwa wamehamia New York, naye akawafuata angali msichana. Mwaka wa 1928 alipata kazi ya kucheza dansi katika tamasha lililoitwa Blackbirds of 1928. Hakuwa nyota, alikuwa mmoja tu katika safu ya wasichana wengi. Hapo ndipo alipoonwa na Bwana King Vidor, mwongozaji wa picha wa kampuni kubwa ya Metro-Goldwyn-Mayer.

Bwana Vidor alitaka kutengeneza picha yenye sauti ambayo wachezaji wake wote wangekuwa Waamerika Weusi. Wakuu wa kampuni walisita, wakihofu kwamba fedha zao hazitarudi, hata yeye akakubali kutia mshahara wake mwenyewe katika gharama. Picha hiyo, Hallelujah, ilitoka mwaka wa 1929. Inaeleza habari za kijana Zeke, wa jamaa ya wakulima wa pamba, aliyekwenda kuuza mavuno ya mwaka mzima. Baada ya kupokea fedha anakutana na msichana wa dansi, jina lake Chick, ambaye anamvuta kwenye kamari; na fedha za jamaa nzima zinapotea. Chick huyo ndiye Nina Mae McKinney. Aliimba, akacheza, akacheka na kulia kwa namna ambayo watazamaji wengi hawakuisahau.

Jijini New York picha hiyo ilifunguliwa katika majumba mawili usiku mmoja, moja mjini na jingine Harlem, mtaa wa Waamerika Weusi. Watu wengi walielewa maana yake: Wazungu hawakutakiwa kuketi pamoja na Weusi hata kuwatazama wachezaji walio Weusi.

Mkataba bila kazi

Kampuni ilimpa mkataba wa miaka mitano. Hata hivyo mkataba haukuwa kazi. Katika picha za siku zile Mwamerika Mweusi alipewa sehemu ya mpishi, yaya au mpagazi. Kanuni za sinema za mwaka wa 1930 zilikataza hadithi za mapenzi kati ya Mweupe na Mweusi, na wenye majumba ya sinema katika majimbo ya kusini hawakupenda kuona mtu Mweusi katika sehemu ya heshima. Msichana mzuri wa sura, mwenye sauti na akili ya mchezo, angewekwa wapi? Mwaka wa 1931 alionekana katika Safe in Hell, picha ya kampuni nyingine, akaimba humo. Lakini sehemu kubwa kama ile ya Chick haikumjia tena huko Hollywood.

Basi akavuka bahari. Huko Ulaya aliimba katika majumba ya starehe, na watu wakamwita Garbo Mweusi, kwa kumfananisha na Bibi Greta Garbo, nyota mashuhuri wa siku hizo. Alionekana hata katika televisheni ya BBC ilipokuwa bado changa.

Katika picha moja na Kenyatta

Mwaka wa 1935 ilitoka Uingereza picha iitwayo Sanders of the River, yenye kueleza habari za mtawala Mwingereza katika Afrika ya Magharibi. Bwana Paul Robeson alikuwa Bosambo, na Bibi McKinney alikuwa Lilongo, mkewe. Miongoni mwa Waafrika waliopata vibarua vya kuonekana katika picha hiyo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akikaa London wakati huo, na ambaye mwaka wa 1964 alikuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Picha ilipomalizika ilikuwa imegeuzwa sifa kwa utawala wa kikoloni, na Robeson mwenyewe aliichukia baadaye.

Picha za gharama ndogo

Aliporudi Marekani, Bibi McKinney aliingia katika picha zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi peke yao. Zilipigwa kwa haraka, kwa fedha kidogo. Kampuni moja iliitwa Million Dollar Productions, ingawa dola milioni moja haikupata kuziona katika picha yoyote. Lakini humo mtu Mweusi aliweza kuwa daktari, mpelelezi au tajiri. Katika Gang Smashers ya mwaka wa 1938 yeye ni askari wa siri anayejifanya mwimbaji ili awakamate wahalifu. Katika The Devil's Daughter ya mwaka wa 1939, iliyopigwa Jamaica, yeye ni Isabelle, aliyebaki akiliangalia shamba, kisha anaona likirithiwa na ndugu yake wa baba aliyetoka New York. Ugomvi wa namna hiyo hauhitaji kufafanuliwa kwa msomaji mwenye shamba.

Picha hizo hazikumtajirisha. Katika Dark Waters ya mwaka wa 1944 alikuwa mtumishi. Mwaka wa 1949 alipata sehemu ndogo katika Pinky, habari za msichana Mweusi anayedhaniwa kuwa Mzungu. Na sehemu ya msichana huyo alipewa mchezaji Mzungu, Bibi Jeanne Crain.

Bibi McKinney alifariki New York mwaka wa 1967, watu wengi wakiwa wamekwisha kumsahau. Mwaka wa 1978 jina lake liliandikwa katika orodha ya heshima ya watengeneza sinema Weusi, na mwaka wa 2008 Hallelujah iliwekwa katika hazina ya picha zinazohifadhiwa na taifa la Marekani. Heshima hiyo ilichelewa. Lakini atakayeitazama picha hiyo atamwona Chick akiimba na kucheza, naye ataweza kupima mwenyewe hasara iliyopatikana kwa kumfungia soko msichana yule.