MAELEZO YA HIFADHIDATA HURIA NA WAJIBU WA WANAOYATUMIA

Watumishi wa Serikali wanaotunza kumbukumbu kwa kompyuta, pamoja na wananchi ambao kumbukumbu hizo zinawahusu, wanafahamishwa juu ya jambo ambalo mara nyingi hudharauliwa, nalo ni usahihi wa vitabu vya maelezo vya programu za hifadhidata.

Programu inayozungumzwa hapa ni PostgreSQL. Chimbuko lake ni utafiti ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na jina lake la sasa lilitolewa mwaka 1996. Ni programu huria: hailipiwi, na kila mtu anaruhusiwa kuichunguza na kuirekebisha. Juu yake umejengwa mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, unaotumika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, Bara na Zanzibar.

Kwa miaka mingi programu hiyo ilikuwa na folda iliyoitwa pg_xlog. Humo huandikwa kila badiliko kabla ya kuingizwa katika mafaili ya data, ili umeme ukikatika ghafla hifadhidata iweze kujirekebisha yenyewe. Kwa bahati mbaya, neno “log” humaanisha pia daftari la matukio ya kila siku, ambalo likishapitwa na wakati hufutwa bila ya hasara. Wako wasimamizi ambao, diski zilipojaa, waliifuta folda hiyo wakidhani wanaondoa takataka, na data zikaharibika. Maelezo sahihi yalikuwemo kitabuni. Lakini mtu ambaye mtambo wake umesimama usiku wa manane hutenda kwanza, kisha ndipo husoma. Katika toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, folda ilipewa jina la pg_wal, na kitabu kikarekebishwa kufuatana na jina hilo.

Jambo la pili ni la nakala za akiba. Amri ya pg_dump hutoa nakala ya hifadhidata moja tu. Majina ya watumiaji na nywila zao hayamo; hayo hutolewa kwa amri ya pg_dumpall. Kitabu kinaeleza hivyo. Ofisi itakayojiandikia mwongozo mfupi na kuiacha sentensi hiyo itaugundua upungufu siku ya kurejesha data, ilhali watu wamepanga foleni dirishani.

Kitabu cha PostgreSQL huhifadhiwa pamoja na msimbo wa programu yenyewe, na mtaalamu anayebadilisha utendaji wa programu hutarajiwa kubadilisha na maelezo yake papo hapo. Utaratibu huo ni mzuri, ila wataalamu hao huandika wakiwa tayari wanajua. Faharasa ya istilahi, kwa mfano, iliongezwa katika toleo la 13 la mwaka 2020 tu, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kitabu kutumia istilahi hizo. Anayekwama ndiye anayeliona pengo, na msomaji yeyote anaruhusiwa kupeleka sahihisho, ambalo hukaguliwa kabla ya kukubaliwa. Aidha, leseni inaruhusu kitabu kunakiliwa na kufasiriwa bila ya malipo; Wajapani, Wafaransa na Warusi wamekwisha kufanya hivyo.

Anayepeleka sahihisho ataje namba ya toleo, kichwa cha sehemu, sentensi yenye kasoro, amri aliyoitoa na matokeo aliyoyapata. Kusema tu kwamba “hapaeleweki” hakumsaidii mkaguzi. Kumbukumbu halisi za wagonjwa au za wananchi wengine zisiambatanishwe kamwe, hata kama ndizo zilizosababisha hitilafu, kwa kuwa barua hizo huwekwa wazi kwa wasomaji wa dunia nzima na haziondoshwi kwa urahisi. Majina na namba za kubuni zinatosha kuonesha kasoro.