Uhusiano wa Sintaksia na Fonolojia: Kituo, Mkazo na Toni

Sintaksia hushughulikia mpangilio wa maneno katika sentensi, na fonolojia hushughulikia mfumo wa sauti. Kutenganisha taaluma hizi hurahisisha ufundishaji, lakini katika usemi haziachani: mahali msemaji anapotua, na silabi anayoitilia mkazo, hutegemea muundo wa sentensi. Tuchunguze mfano huu:

(1) Mwalimu aliyefika jana alituletea vitabu.

Katika maandishi, sentensi hii ina maana mbili. Msomaji akitua baada ya *jana*, kielezi hicho kimo ndani ya kishazi rejeshi: mwalimu alifika jana. Akitua baada ya *aliyefika*, kielezi kinahusu kitenzi kikuu: vitabu vililetwa jana. Maneno hayakubadilika wala mfuatano wake. Kituo ndicho kinachoonyesha mpaka wa kishazi.

Mkazo nao hudhihirisha muundo. Katika Kiswahili, mkazo wa neno kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Linganisha:

(2) (a) MWAna WAngu
(b) mwaNAngu

Katika (2a) kuna mikazo miwili, kwa kuwa kuna maneno mawili. Katika (2b) kimilikishi kimeambatanishwa na nomino, mkazo umebaki mmoja na umehama. Sikio linathibitisha kwamba *mwanangu* sasa ni neno moja.

Jambo hili limechangia nadharia ya isimu ya ulimwengu. Mwaka 1974, Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh walichapisha uchunguzi wa urefu wa irabu katika Chimiini, lugha ya Barawa, Somalia, iliyo jamaa ya Kiswahili. Walionyesha kwamba irabu ndefu hudumu karibu na mwisho wa kirai tu; neno likifuatwa na maneno mengine ya kirai hichohicho, irabu yake hufupishwa. Mwaka 1986, Elisabeth Selkirk alitumia data hizo kueleza jinsi mipaka ya virai inavyounda mipaka ya matamshi.

Kwa mwalimu wa Burundi suala hili lina uzito wa pekee. Katika Kirundi, kitenzi cha kishazi rejeshi hutofautishwa na kile cha kishazi huru kwa toni, na toni hiyo haiandikwi katika tahajia ya kawaida. Kiswahili sanifu hakina toni. Kazi hiyo hufanywa na virejeshi kama *-ye-* na *-o-*, au na *amba-*, vikisaidiwa na kituo. Hivyo mwanafunzi wa Kibenga, jijini Bujumbura, tayari anajua kwamba sauti hubeba sarufi. Anachohitaji ni kuonyeshwa alama mpya za kuangalia.

Kwa hiyo, usimpime msomaji kwa kasi peke yake. Anayetamka kila neno sawasawa lakini akatua ovyo huenda hajatambua kiima kinaishia wapi. Mwombe aisome sentensi (1) kwa namna zote mbili, kisha aulizwe: ni nini kilichotokea jana? Jibu lake litakuonyesha kama amesoma sentensi au orodha ya maneno.

Zoezi: Tunga sentensi mbili ambazo maana yake hubadilika kwa kuhamisha kituo. Eleza tofauti ya muundo katika kila moja.