Mtu Akibanwa na Kamyo

Mama, hapa Masisi na Walikale vijana wengi wanapata franka zao kwa kupakia kamyo: maharagwe, viazi, mbao, madini. Mvua ikinyesha barabara ni matope tu. Kwenye mlima mmoja wao anafuata nyuma na kipande cha mti, anatia chini ya gurudumu ili kamyo isirudi. Ikiteleza, ni yeye anayebanwa. Umwambie asimame kando, hapana nyuma. Tena asiingie kati ya kamyo na remorki mpaka dereva azime moteri.

Akiletwa nyumbani ameumia mguu, usikande, usivute. Watu wetu wanapenda sana kukanda, kumbe mfupa uliovunjika unakata mishipa ndani. Damu ikitoka, bonyeza kwa nguvu na kitambaa safi, usifunuefunue kutazama. Funga mguu na miti miwili, umlete kwa tipoyi. Kama tumbo ndilo lilibanwa, hapana kumpa chakula wala maji.

Mguu ukibanwa saa nyingi, umlete hata akisema amepona. Nyama iliyopondwa inatia sumu katika damu, na figo zinaharibika. Mkojo mweusi kama kahawa ni alama yake.

Na pepopunda je? Mdudu wake anakaa katika udongo na mavi ya ngombe. Wewe ulichomwa shindano yake ulipokuwa na mimba. Bwana yako alichomwa lini? Hata kidonda kiwe kidogo, aje siku ileile, mbele ya taya kukaza.