Nani Anapewa Namba? Kweli na Uongo Kuhusu Rangi Katika Futiboli ya Marekani

Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, huanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na bado wapo vijana wetu wanaoikesha. Asubuhi yake, kijiweni au kwenye makundi ya simu, mabishano hayakawii kufika kwenye rangi: mbona wanaokimbia karibu wote ni weusi, mbona makocha wengi ni Wazungu, mbona zamani anayerusha mpira alikuwa Mzungu tu. Humo ukweli na uzushi vimechanganyika, na uzushi mwingine umerudiwa mpaka ukageuka historia. Haya ndiyo yanayosemwa zaidi, na hukumu yangu kwa kila moja.

“Zaidi ya nusu ya wachezaji wa NFL ni weusi, kwa hiyo ubaguzi wa namba haupo.”

Si kweli. Hesabu yenyewe ni sahihi, na ni kubwa ukikumbuka kwamba weusi ni kama asilimia 13 au 14 ya Wamarekani wote. Lakini inakuambia nani amesajiliwa, haikuambii nani amepewa kazi gani. Katika mchezo huu kila namba ni ajira ya peke yake. Kotabeki ndiye anayepokea mpira shambulizi linapoanza, anasoma mabeki wamejipangaje, anabadilisha mpango kwa sauti papo hapo, kisha anaamua mpira uende kwa nani. Mbele yake wapo senta na magadi wanaomkinga. Pembeni wapo wapokeaji wanaotimka kuufuata mpira, na makonabeki wanaowakaba.

Mwaka 1970 wanasosholojia John Loy na Joseph McElvogue walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba weusi walikuwa wamerundikwa kwenye namba za pembeni, za mbio na za kukaba, huku weupe wakizishika zile za katikati ambako maamuzi hupita. Madhara yake ni mawili. Vijana weusi waligombea wao kwa wao namba zilezile chache, hata kama mwenzao wa katikati alikuwa wa kawaida tu. Na namba za mbio huzeesha miguu mapema, wakati kotabeki anaweza kucheza mpaka akakaribia miaka 40. Kwa hiyo kupangiwa namba ni kupangiwa pia urefu wa maisha ya kazi, mshahara, na nani atakuja kuwa kocha.

“Mweusi wa kwanza NFL alikuwa Kenny Washington, mwaka 1946.”

Si kweli, na uongo huu unaipendelea ligi. Unaifanya ionekane kama mlango ulikuwa bado haujafunguliwa, wakati ukweli ni kwamba ulifunguliwa, kisha ukafungwa kwa makusudi.

Ligi ilipoanzishwa mwaka 1920 huko Canton, Ohio, Fritz Pollard alikuwemo. Timu yake, Akron Pros, ilitwaa ubingwa msimu huohuo wa kwanza, na mwaka 1921 Pollard akawa mmoja wa makocha wake. Paul Robeson, yule mwimbaji na mwanaharakati ambaye sauti yake ilivuma dunia nzima, alicheza Akron na Milwaukee akiwa kijana. Hadi mwaka 1933 weusi 13 walikuwa wamepita kwenye ligi hiyo. Wa mwisho walikuwa Joe Lillard wa Chicago Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh. Kuanzia 1934 hadi 1945, hakuna hata mmoja. Hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba wasisajiliwe, na wenye timu waliendelea kukana kwamba palikuwa na makubaliano. Misimu 12 mfululizo bila mchezaji mweusi hata mmoja ni ushahidi unaonitosha.

Kilichowarudisha ni uwanja. Timu ya Rams ilipohama Cleveland kwenda Los Angeles mwaka 1946, ilitaka kutumia uwanja wa Coliseum, ambao ni mali ya umma. Waandishi wa magazeti ya weusi, Halley Harding akiwa mbele, wakasimama mbele ya kamati ya uwanja wakauliza: kodi zetu zinaujenga, vijana wetu wanazuiwa kuucheza? Rams wakamsajili Kenny Washington, kisha Woody Strode. Washington alikuwa nyota wa chuo kikuu cha UCLA mwaka 1939, akicheza pamoja na Jackie Robinson. Alipofunguliwa mlango alikuwa na miaka 27 na magoti yameshapasuliwa. Hata hivyo mwaka 1947 alikimbia na mpira yadi 92 mpaka mstari wa mwisho. Inauma kufikiria angefanya nini miaka 6 kabla.

“Timu ya Washington ililazimishwa na serikali kusajili weusi.”

Kweli kabisa. Mmiliki wake, George Preston Marshall, ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Mwaka 1961 timu ilihamia uwanja mpya uliojengwa kwenye ardhi ya serikali kuu, na Waziri wa Mambo ya Ndani ya nchi, Stewart Udall, akamwambia wazi kwamba ubaguzi wa ajira hauruhusiwi pale. Msimu huo Washington ilishinda mechi 1 kati ya 14. Mwaka 1962 akaja Bobby Mitchell kutoka Cleveland, na msimu wake wa kwanza tu akaongoza ligi nzima kwa yadi za kupokea. Marshall alikuwa amejinyima ushindi kwa miaka mingi ili alinde rangi.

“Hapakuwa na makotabeki weusi kwa sababu hawakuwepo wenye uwezo.”

Huu ndio uongo mkubwa kuliko wote. Hapa lazima tutaje watu.

Marlin Briscoe aliteuliwa na Denver Broncos mwaka 1968 katika raundi ya 14 ya uteuzi wa wachezaji wanaotoka vyuoni, akitokea chuo cha Omaha. Alikuwa kotabeki chuoni, Denver wakamtaka awe konabeki. Akakataa kusaini mpaka wamwahidi siku chache za kujaribiwa katika namba yake mwenyewe. Makotabeki wengine walipoumia au kushindwa, akaingizwa, na msimu huo akarusha pasi 14 zilizozaa tachidauni, yaani bao kuu la mchezo huo lenye alama 6. Alikuwa kotabeki mweusi wa kwanza wa zama hizi kuanza mechi. Mwaka uliofuata, kama alivyosimulia mwenyewe, aligundua vikao vya makotabeki vinafanyika bila yeye. Akaondoka, akaenda Buffalo, akageuzwa mpokeaji, namba ambayo hakuwahi kuicheza. Akaimudu kiasi cha kuwa mmoja wa wapokeaji wa Miami Dolphins ya 1972, timu iliyomaliza msimu mzima bila kufungwa. Wapo wanaoitumia habari hiyo kama ushahidi kwamba kuhamishwa kulimfaa. Mimi naiona kinyume: mtu aliyeweza kujifunza kazi mpya haraka namna ile angefika wapi kama angeachiwa ile aliyoijua?

Mwaka huohuo wa 1968, Oakland Raiders walimteua Eldridge Dickey raundi ya kwanza akiwa kotabeki. Naye akageuzwa mpokeaji, na hakuwahi kuanza mechi hata moja katika namba iliyomfanya ateuliwe.

Kisha Warren Moon. Januari 1978 alitajwa mchezaji bora wa Rose Bowl, moja ya mechi kubwa kabisa za vyuo. Hata hivyo timu za NFL hazikuonyesha hamu ya kumteua. Akavuka mpaka kwenda Kanada, akatwaa na Edmonton vikombe 5 mfululizo, ndipo mwaka 1984 Houston Oilers wakamsajili. Mwaka 2006 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, kotabeki mweusi wa kwanza kufika hapo. Mtu huyo ndiye ambaye NFL haikuwa na hamu naye.

Hoja iliyotumika dhidi yao haikuwa miguu wala mkono. Ilikuwa akili: eti hawawezi kusoma mabeki, hawawezi kuongoza wenzao. Hilo tutalirudia.

“Mwandishi mmoja alimuuliza Doug Williams amekuwa kotabeki mweusi kwa muda gani.”

Si hivyo. Kisa hiki kinapendwa kwa sababu kinachekesha, lakini swali lilipotoshwa. Katika siku za maandalizi ya Super Bowl ya Januari 1988, mwandishi alitaka kujua lini hasa rangi ya Williams ilianza kuhesabika kuwa jambo, kwa kuwa alikuwa mweusi na kotabeki siku zote. Lilikuwa swali la maana, limegeuzwa kichekesho.

Afadhali tukumbuke alichofanya uwanjani. Siku moja kabla ya mechi Williams, kotabeki wa Washington, alitibiwa mzizi wa jino. Mechi ilipoanza, Denver wakatangulia 10 kwa 0, na mwishoni mwa robo ya kwanza goti lake likajipinda, akatolewa nje. Robo ya pili ilipoanza akarudi. Pasi ya kwanza ilimfikia Ricky Sanders na ikazaa yadi 80 na tachidauni. Zikafuata nyingine 3 za mkono wake, na moja ya Timmy Smith aliyekimbia yadi 58. Washington wakafunga alama 35 ndani ya robo moja, na mechi ikaisha 42 kwa 10. Williams akawa mchezaji bora wa mechi. Ilikuwa miaka 26 tangu timu hiyohiyo ilazimishwe kusajili weusi.

“Siku hizi weupe nao wananyimwa namba za mbio.”

Kuna ukweli ndani yake, na hatuwezi kuukwepa kwa sababu tu hoja hii hupendwa na watu wenye nia mbaya. Baada ya Jason Sehorn, aliyecheza New York Giants hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipita miaka 20 na zaidi bila konabeki mweupe anayeanza mara kwa mara. Mwaka 2024 wakajitokeza wawili waliosoma chuo kimoja cha Iowa: Riley Moss wa Denver na Cooper DeJean wa Philadelphia. Kabla DeJean hajateuliwa, wachambuzi wengi walisema mahali pake pa kweli ni sefti, nyuma kabisa ya ulinzi. Februari 9, 2025, siku aliyotimiza miaka 22, aliinasa pasi ya Patrick Mahomes kwenye Super Bowl na kuirudisha yadi 38 mpaka tachidauni. Christian McCaffrey naye alisikia maneno ya namna hiyo alipotaka kuwa mkimbiza mpira. Mwaka 2023 aliongoza ligi kwa yadi 1,459 za kukimbia.

Ndiyo, mchujo wa rangi unamgusa kijana mweupe pia, na kwa kawaida huanzia shuleni, kocha anapomtazama mtoto sura kabla ya kumpima mbio. Ninachokataa ni kuzifananisha hasara. Mweupe hakuwahi kufungiwa ligi nzima kwa miaka 12. Na anayeondolewa kwenye ukonabeki bado huachiwa milango ya ukotabeki na ukocha.

“Kanuni ya Rooney inalazimisha timu kuajiri makocha weusi.”

Si kweli. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 2003 ikitaka timu inayotafuta kocha mkuu imsaili walau mtu mmoja asiye mweupe. Kumsaili tu. Baada ya Pollard mwaka 1921, ligi ilikaa mpaka 1989 kumpata Art Shell, kocha mkuu mweusi wa pili. Tony Dungy, aliyekuwa kotabeki wa chuo cha Minnesota, hakuteuliwa na timu yoyote mwaka 1977. Pittsburgh walimchukua na kumfanya sefti. Februari 2007 akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa Super Bowl. Na siku kocha Brian Flores alipoishtaki ligi kwa ubaguzi wa ajira, Februari 1, 2022, kati ya timu 32 kocha mkuu mweusi alikuwa mmoja tu, Mike Tomlin.

“Ile dharau kuhusu akili ya mweusi ilizikwa zamani.”

Natamani ingekuwa kweli. Mwaka 2018 Lamar Jackson, aliyekuwa ameshatwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alishauriwa hadharani ahamie upokeaji. Kwenye vipimo vya ligi akakataa kukimbia zile yadi 40, wasije wakaitumia kasi yake kumhamisha namba. Akateuliwa wa 32, makotabeki wengine 4 wakiwa wameshachukuliwa. Msimu wa 2019 wapiga kura wote, bila hata mmoja kupinga, walimchagua mchezaji bora wa ligi. Tangu hapo kwenye ukotabeki mambo yamebadilika kweli: Super Bowl ya Februari 2023 iliwakutanisha Mahomes na Jalen Hurts, kwa mara ya kwanza makotabeki wawili weusi.

Lakini dharau ileile ilikuwa imehamia mahali ambapo kamera hazifiki. Wachezaji wastaafu waliopata maradhi ya ubongo kutokana na kugongwa vichwa walikubaliana na ligi walipwe fidia, na mahakama ikaidhinisha mwaka 2015. Ili ulipwe, ulipaswa kupimwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Vipimo hivyo vikarekebishwa kwa rangi: ilichukuliwa kwamba mtu mweusi alianza na uwezo mdogo wa akili, kwa hiyo akipata alama za chini sawasawa na mwenzake mweupe, mweupe anahesabiwa ameporomoka, mweusi anaambiwa ndivyo alivyo. Mmoja alilipwa, mwingine akarudi nyumbani mikono mitupu. Agosti 2020, wachezaji wa zamani Najeh Davenport na Kevin Henry walifungua kesi. Juni 2021 ligi ikasema itauacha mtindo huo. Machi 2022 mahakama ikaidhinisha utaratibu mpya usiohusisha rangi, na vipimo vya zamani vikaanza kuhesabiwa upya.