Stima Iko Kwa Lami: Ndai Zinachaji Bila Waya

Kama unadhani ndai ya stima lazima ifungwe kwa waya usiku mzima kama mbuzi, hii risto ni yako. Detroit, Marekani, kuna barabara inaitwa 14th Street. Tangu Novemba 2023, kipande chake cha kama mita 400 kiko na koili za kopa chini ya lami. Moti yenye imefungwa koili ingine huko chini inachaji ikipita tu, hata haisimami.

Rada ni hii: stima ya kugeuka-geuka ikizunguka kwa koili, inatoa sumaku yenye inageuka pia. Hiyo sumaku ikigonga koili ya pili, stima inaamka huko, na hazijagusana. Mwanasayansi Faraday aligundua hii form 1831. Ngori ni nafasi: koili zikiachana sana, ama dere akipaki kando, stima mob inapotea njiani.

Wasee wa chuo cha KAIST, Korea Kusini, waliisuka fiti. 2013 walitoa mabasi mbili mjini Gumi, ruti ya kilomita 24. Kati ya lami na basi kulikuwa na sentimita 17, ilivuta kilowati 100, na asilimia 85 ilifika. Lami haikuwaka yote: kipande kiliwashwa basi ikifika, ikipita kikazimwa. Raha yenyewe ni betri inakuwa ndogo, na betri ndio hukula doh mob kwa hizi ndai.

Sasa Kanairo. Mabasi za stima tushaanza kuzidandia, na usiku zinachomekwa depo. Kuchimba Thika Road yote ni doh ya wazimu, hiyo siipigii debe. Lakini cheki Milton Keynes, Uingereza: 2014 mabasi nane za ruti 7 zilianza kuchaji bila waya mwisho wa ruti, kama dakika kumi hivi. Hiyo ndio yetu. Mathree hukaanga steji ikingoja kujaa, makanga akiita watu. Weka koili hapo chini, kila raundi itoke na stima ya safari. Na stima tunayo: mob ni ya mvuke wa Olkaria, ingine ya maji na upepo.

Kwa hivyo wenye mnapanga steji mpya, msimwage lami kwanza. Acheni nafasi ya koili na laini kubwa ya stima. Kuibomoa baadaye ndio itatumaliza doh.