Mashaka ya Mimea (Sehemu ya Pili): Muhindi Unapoita, Kiduha Husikia

Wiki iliyopita tuliona jinsi muhindi unavyojihami na ukame. Mizizi ikikosa maji, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka na vitundu vya majani hufungwa. Maji hayapotei tena ovyo, lakini hewa ya kaboni dayoksaidi nayo haiingii, na mmea unadumaa. Kiangazi kikiukuta muhindi umetoa mbelewele, chavua hupukutika kwa wakati wake huku ndevu zikichelewa kuchomoza. Ndiyo yale magunzi yenye mapengo.

Leo tuwatazame maadui walio hai, hasa kiduha. Nimelichagua gugu hili kwa sababu linavuruga ule mpangilio wa vitabu vya shule, ambapo shida za udongo zina sura yake na shida za magugu zina yake.

Chanzo ni fosforasi. Shamba lililolimwa miaka mingi bila samadi wala mbolea hupungukiwa nayo. Muhindi au mtama ukishikwa na njaa hiyo, mizizi yake hutoa kwa wingi kemikali za kundi la strigolaktoni. Kemikali hizo huwaita kuvu wenye urafiki na mizizi. Nyuzi za kuvu hao hupenya udongo mbali kuliko mizizi yenyewe, hurudi na fosforasi, na mmea huwalipa kwa sukari.

Tatizo ni kwamba wito huo unasikika na kiduha pia. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Hazioti mpaka udongo ulowe na strigolaktoni izifikie, maana akiba yao ya chakula ni kidogo mno. Ikiota mbali na mzizi, mbegu hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo shamba lenye njaa ndilo linaloliamsha gugu lake lenyewe.

Sayansi yenyewe ilichelewa kulielewa jambo hili. Kemikali ya kwanza ya kundi hilo ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba, na kwa karibu miaka 40 ilijulikana kama kiamshi cha kiduha na jamaa zake tu. Sioni kwa nini swali halikuwakera wengi zaidi: mmea ungemwitaje adui wake bila faida yoyote? Jibu lilikuja mwaka 2005, Kohki Akiyama na wenzake wa Japani walipoonyesha kuwa walioitwa hasa ni kuvu.

Kiduha kikishika mzizi, huupenya mpaka kwenye mirija ya maji na kunyonya kwa wiki kadhaa kabla hakijachomoza juu. Hapo ukame na gugu hushikana mikono. Muhindi hufunga vitundu vyake kuokoa maji. Kiduha huacha vyake wazi na kuendelea kuvuta. Ukiona maua ya zambarau, hasara ya msimu huo imeshapatikana. Hata hivyo king'oe kabla hakijakomaa, kwani mche mmoja unaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu.

Wapo waliogeuza wito huo kuwa silaha. Katika kituo cha ICIPE cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, watafiti walipanda desmodiamu katikati ya mahindi ili kuwafukuza bungua wa mabua, na matete pembezoni ili kuwavuta. Bila kutarajiwa, kiduha kilipungua. Mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kiduha, kisha huzuia miche yake kushika mizizi ya mahindi. Zaidi ya hayo, ni jamii ya kunde, hivyo huongeza naitrojeni, na ng'ombe huila. Wakulima huuita mtindo huu sukuma-vuta.

Gebisa Ejeta wa Ethiopia alipita njia ya mbegu: alizalisha mtama unaostahimili kiduha na ukame, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Baadaye ilibainika kuwa baadhi ya mitama sugu hutoa aina nyingine ya strigolaktoni, isiyokiamsha kiduha kwa urahisi.

Mwenye uwezo wa kuweka fosforasi kidogo kwenye shimo la mbegu, pamoja na samadi, aanze na hilo: nafaka iliyoshiba hupunguza kuita. Wiki ijayo ni zamu ya muhogo, na jinsi nzi weupe wanavyosambaza batobato na michirizi ya kahawia.